Ukanda wa Dungu la Mwaloni

Ardell Froemming alikuwa mtu wa kukagua. Kwenye kinu cha chakula cha mifugo alikofanya kazi tangu ujana wake, hakuna gunia lililopanda gari bila yeye kupapasa mshono wake. Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, aliyazunguka matairi ya pikapu yake akiyapiga teke moja moja. Sisi wa mji wa Sorley tulimtania kwamba siku atakapokufa atainuka kwanza akague misumari ya jeneza, ndipo alale tena.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayepewa kufundisha wengine, na ndivyo ilivyokuwa. Kila mwaka, majani ya miti yanapoanza kuwa mekundu, yeye ndiye aliyesimama mbele ya ukumbi wa mtaa akawafundisha wanaotaka leseni ya kuwinda kulungu. Bunduki mnaiogopa, aliwaambia, na mnafanya vyema; lakini mti hamuuogopi, nao ndio unaovunja watu. Huku kwetu kulungu huwindwa kutoka juu. Unafunga dungu la chuma mtini, ngazi ndefu yenye kiti kileleni, unapanda kabla hakujapambazuka, unatulia, na mnyama anapita chini bila kuinua macho.

Ardell aliwafundisha kuchagua mti ulio hai na ulionyooka, usiwe popla, maana popla huoza ndani huku nje unapendeza. Uwe na matawi nyuma ya mgongo wako yakufiche umbo. Upepo utoke njia ya kulungu uje kwako, usitoke kwako kwenda kwake. Bunduki ibaki chini bila risasi, uivute kwa kamba ukishaketi. Mshipi wa mwili uuvae ukiwa bado ardhini, uunge kwenye kamba ya usalama hapo hapo chini, kwa sababu watu hawaanguki wakiwa wamekaa. Huanguka wakipanda, wakishuka, au wakigeuka kuketi. Na zile kanda za kufungia dungu zibadilishwe kila mwaka. Jua huzila, kuchakulo huzitafuna, na mti wenyewe hunenepa ukazinyonga.

Hayo aliyajua kama mtu anavyoijua sala ya Baba Yetu. Lakini mganga hajigangi.

Alikuwa na dungu lake kwenye mwaloni mkubwa kando ya kijito, mpakani mwa shamba lake na la dada yake. Mwezi wa Septemba alikwenda kupunguza matawi yaliyoziba upeo wa kulengea, akauona ukanda wa juu. Rangi yake ya chungwa ilikuwa imefifia ikawa kama ya maziwa, na ukingo mmoja ulikuwa umechanika nyuzi nyuzi. Aliugusa kwa kidole. Akajisemea atakuja Jumamosi na ukanda mpya. Akaununua kweli, akauweka nyuma ya kiti cha pikapu, ungali ndani ya mfuko wake. Jumamosi ikanyesha. Jumamosi iliyofuata mahindi yalianza kuvunwa, na kwenye kinu magari yalipanga foleni mpaka barabarani. Baadaye jambo likazama kichwani mwake, kama yanavyozama mengi.

Msimu wa kuwinda kwa bunduki ulipofunguliwa Novemba, mfanyakazi mwenzake aliugua, na Ardell akabaki zamu. Jioni ya kuamkia siku ile alimpigia simu shemeji yake, Verlin Skaar, mume wa dada yake LaVonne. Verlin alikuwa dereva wa gari la maziwa, mtu mkubwa wa mabega na wa maneno, na hao wawili walikuwa hawawezi kupeana chumvi bila kutaniana.

"Shemeji," Ardell alimwambia, "kalie dungu langu la mwaloni. Kuna dume linapita pale kila alfajiri. Limezeeka, halisikii vizuri. Hata wewe utalipata."

"Nikilipata nitazitundika pembe zake mlangoni kwako," Verlin alimjibu, "ili kila ukitoka nyumbani ukumbuke nani mwanamume."

Walicheka. Habari ya ukanda haikumjia Ardell hata kwa mbali. Wala hakumuuliza Verlin kama anao mshipi, ingawa alijua vizuri kwamba mshipi wa Verlin ulikuwa umening'inia msumarini kwenye gereji, Verlin akidai unambana tumbo.

Asubuhi ile mimi nilikuwa kinuni nikinunua chakula cha kuku. Kulikuwa na theluji nyembamba na baridi kavu inayobeba sauti mbali. Milio ya bunduki ilikuwa ikisikika huku na huku, kama kila mwaka. Kisha upande wa kijito ikalia mitatu mfululizo. Ardell aliinua kichwa kutoka kwenye mizani, akatabasamu.

"Huyo ni shemeji yangu," alisema. "Risasi tatu. Ya kwanza ya mti, ya pili ya mbingu, ya tatu ya kuomba radhi."

Tulicheka wote tuliokuwa pale.

Verlin alikuwa amepanda mpaka juu. Alipogeuka ili aketi, ukanda wa juu ukakatika, dungu likabanduka mtini, naye akaanguka chali juu ya gogo. Hakuweza kuisogeza miguu yake. Simu haikushika mtandao pale bondeni. Bunduki ilikuwa chini, bila risasi, imefungwa kwenye kamba yake, sawasawa kama Ardell alivyofundisha. Aliivuta kwa ile kamba, akatia risasi, akapiga tatu juu, ishara ya mtu aliyefikwa na shida. Lakini asubuhi ya kufungua msimu nani anahesabu milio? Alilala pale thelujini mpaka chakula cha mchana kikapita hajarudi, LaVonne akafuata nyayo zake akamkuta. Midomo ilikuwa ya samawati. Helikopta ilimchukua kutoka uwanja wa shule.

Verlin alipona kifo, lakini kutoka kiunoni kwenda chini hakupata nguvu tena.

Hapa ndipo watu wengine wangeficha. Ardell hakuficha. Siku ile ile hospitalini, mbele ya dada yake na ya mchungaji, alisema kwamba ukanda ulikuwa umeoza, kwamba aliuona Septemba, na kwamba mpya ulikuwa garini mwake. Alimwambia hivyo hivyo askari wa wanyamapori aliyekuja kuandika habari. Askari akamwambia ajali ni ajali, na kwamba kama mtu angevaa mshipi angebaki akining'inia kwa aibu tu. Mchungaji akamwambia Mungu anajua moyo wake. Kanisani watu walimshika mkono wakamwambia asijitese. Verlin mwenyewe, akiwa bado na mipira puani, alimwambia, "Wewe hukubadilisha ukanda, mimi sikuvaa mshipi. Tumetoka sare, shemeji."

Msamaha ulimjia kutoka kila upande, mwepesi, kama karatasi, na hakuna hata mmoja uliogusa pale palipouma. Ardell alianza kuwaepuka watu. Aliwaandikia wasimamizi wa ukumbi wa mtaa kwamba hatafundisha tena. Usiku hakulala, alisikia ile milio mitatu, kisha akajisikia mwenyewe akifanya mzaha. Hilo la mzaha hakumwambia mtu yeyote. Na sisi tuliocheka naye hatukulitaja.

Mmoja tu ndiye hakumsamehe, naye ni LaVonne. Hakumtukana wala hakumfukuza. Alinyamaza tu. Yeye ndiye aliyejifunza kumgeuza Verlin kitandani asipate vidonda, kumwinua kutoka kitini hadi bafuni, kisha kukimbilia zamu yake kwenye kiwanda cha jibini akiwa ameshachoka. Ardell alikwenda kila theluji ilipoanguka akaisukuma njiani kwao. Alipasua kuni, akajenga mteremko wa mbao mlangoni ili kiti cha magurudumu kipite. LaVonne alimwona dirishani, akaendelea na shughuli zake. Ajabu ni kwamba Ardell alipumua vizuri zaidi katika ua ule kuliko mahali pengine popote. Pale angalau kulikuwa na mtu aliyeliona jambo kwa ukubwa uleule aliouona yeye.

Mambo hayakuwa hivyo kwa Verlin. Kila Ardell alipoingia sebuleni aliketi ukingoni mwa kiti, kofia mikononi, akiuliza kama maumivu yamepungua, kama kuna kitu anahitaji, kama kiti kinambana. Siku moja mwezi wa Machi Verlin aliizima televisheni.

"Shemeji, sikiliza. Kila ukija hapa unakaa kama uko matangani. Mgongo umevunjika wangu, lakini ni mimi ninayekubembeleza wewe. Nimechoka. Njoo unitukane kidogo, kama zamani. Au usije."

Ardell akafungua kinywa, na tusi halikutoka. Alivaa kofia akaondoka. Nje aliushika mlango wa pikapu asiufungue, maana aligundua kwamba hata majuto yake alikuwa amembebesha mtu asiyeweza kusimama.

Theluji ilipoyeyuka alizunguka shamba lake lote akayashusha madungu yake, moja baada ya jingine. Kanda alizikata kwa kisu vipande vipande. Chuma alikirundika nyuma ya ghala, nyasi zikakimeza. Alisema hatafunga tena dungu lolote kwenye mti wowote.

Mwishoni mwa Agosti LaVonne alikuja kinuni. Alisubiri wateja waondoke, akaegemea kaunta.

"Kaka, nataka unifungie dungu."

Ardell alidhani hakusikia vizuri. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu hospitalini, ukiacha "ndiyo" na "hapana".

LaVonne alimweleza bila kupamba. Friza ilikuwa tupu. Miaka yote nyumba yao ilikula nyama ya kulungu majira ya baridi, na mshahara mmoja hautoshi kununua ya dukani. Yeye mwenyewe aliwinda zamani, alipokuwa msichana, pamoja na marehemu baba yao, na leseni yake bado ilikuwa halali. Alitaka dungu, na alilitaka kwenye mwaloni wa kijito.

Ardell alikataa. Alisema kuna miti mingine, kuna kibanda cha ardhini, au yeye mwenyewe atawatafutia nyama kwa njia nyingine.

"Ule mti una kosa gani?" LaVonne akamuuliza.

Ardell alifikiri. Ulikuwa mti mzima, umenyooka, matawi nyuma, upepo wa kaskazini magharibi ukija moja kwa moja kutoka kwenye njia ya kulungu. "Mti hauna kosa," akasema.

"Basi ni pale."

Walikwenda Jumapili baada ya ibada. Ardell alikuwa amenunua dungu jipya, akalipanga vipande vyake nyasini akakaza kila boliti, kisha akarudi akazikaza tena. Kabla ya kuliinua aliuzunguka mwaloni akiugonga kwa kisigino cha mkono, akisikiliza, akaangalia juu kama kuna tawi kavu linaloweza kudondoka. Alivaa mshipi wake akiwa ardhini. Waliisimamisha ngazi, LaVonne akiishikilia chini, naye akapanda na kamba ya usalama akaifunga juu kabisa ya mahali pa kiti. Kamba ile ina fundo linaloteleza ukilisukuma kwa mkono, lakini ukianguka linang'ang'ania. Halafu akaanza kanda. Ya kwanza juu, ya pili ikaikata ya kwanza kama msalaba, ya tatu katikati ya ngazi. Alishuka, akaitikisa ngazi, akapanda tena akaweka ya nne.

"Inatosha," LaVonne alisema.

Akaweka ya tano.

Alipanda yeye kwanza akakaa, akarukaruka pale kitini kwa uzito wake wote. Kisha akashuka, akamvisha dada yake mshipi mpya, akavuta kila mkanda wa mapaja na wa kifua kama mtu anayefunga mizigo ya safari ndefu, akamwonyesha jinsi ya kulisukuma lile fundo juu kadiri anavyopanda. LaVonne alipanda taratibu, mikono miwili na mguu mmoja, miguu miwili na mkono mmoja. Akageuka. Akaketi.

Kijito kilisikika, na kuchakulo mmoja akipekua makokwa ya mwaloni.

"Alianguka wapi?"

Ardell alimwonyesha. Gogo lilikuwa bado lipo, limeota kuvu upande mmoja. LaVonne aliliangalia kutoka juu kwa muda. Futi kumi na tano si nyingi ukiwa chini. Ukiwa juu ni jambo jingine.

"Ulizisikia zile risasi?" akauliza.

Ardell alikuwa ameishika ngazi. Angeweza kusema siku ile kila mtu alikuwa anapiga. Badala yake alimwambia yote: kwamba alizisikia, kwamba alijua zimetoka kijitoni, kwamba alifanya mzaha mbele ya wateja, na ule mzaha wenyewe akaurudia neno kwa neno, ya mti, ya mbingu, ya kuomba radhi. Alisema alicheka. Alisema kwamba wakati Verlin anaganda yeye alikuwa anacheka.

Aliinama akasubiri. Alidhani sasa ndipo litakapomwangukia lile alilolingoja miezi yote.

"Na mimi nilizisikia," LaVonne alisema.

Ardell akainua uso.

"Nilikuwa jikoni. Zilikuwa tatu, zimefuatana. Baba alitufundisha wote maana yake, mimi na wewe. Nikajiambia, Verlin amepata. Nikatoa kikaango. Nikakata vitunguu vya kukaangia maini, nikawasha redio. Vitunguu viliiva vikaungua. Nikakasirika kwamba anachelewa kuleta maini. Nilikasirika, Ardell. Nilikaa nimekasirika mpaka saa saba."

Sauti yake haikupanda. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika vyuma vya kiti.

"Nilikuona kila siku unasukuma theluji yangu," akaendelea. "Nikasema moyoni, afadhali yeye ana ukanda wa kusema. Mimi nitasema nini? Kwamba nilikata vitunguu?"

Maneno yalimjaa Ardell mdomoni, yaleyale aliyoambiwa na mchungaji, na askari, na kila aliyemshika mkono kanisani: si kosa lako, ungejuaje, usijitese. Aliyajua ladha yake. Akayameza. Alisimama tu chini ya mwaloni, ameishika ngazi ambayo haikuhitaji kushikwa, na dada yake akalia juu mpaka akamaliza.

Alipokuwa tayari alishuka, akilisukuma lile fundo chini pamoja naye, asilifungue mpaka buti zake zilipokanyaga majani.

"Kule njiani kuna tawi linaziba," alisema, huku akipenga kamasi. "Leta msumeno."

Novemba ilipofika, Ardell aliomba ruhusa kazini. Kabla hakujapambazuka alikuwa ndani ya pikapu kwenye lango la shamba, koti lake la rangi ya chungwa limefungwa mpaka kidevuni, dirisha wazi licha ya baridi. Alikuwa amekagua zile kanda siku iliyotangulia, na wiki iliyotangulia. LaVonne alikuwa amemwambia abaki nyumbani. Hakubaki.

Jua lilipotoka vizuri mlio mmoja ukatoka upande wa kijito. Ardell alikuwa nje ya gari kabla mwangwi haujakwisha, akakimbia, mtu wa miaka yake, akivunja vijiti na kujikwaa kwenye mizizi. Alimkuta LaVonne tayari yuko chini, mshipi ungali mwilini, amepiga goti kando ya kulungu jike aliyenona.

"Unakimbia kama ng'ombe aliyeona nyuki," alimwambia. "Umefukuza kulungu wa wilaya nzima."

Ardell alihema. Aliuangalia mti, kisha ngazi, kisha dada yake, juu hadi chini, mikono, miguu. LaVonne alimwacha aangalie mpaka atosheke. Kisha akamkabidhi kamba ya kukokotea, wakamvuta yule mnyama pamoja, kila mmoja upande wake, hadi shambani.

Ardell hakupona, na sitaki kudanganya kwamba alipona. Mpaka sasa mlio wa bunduki ukisikika kinuni anaacha anachofanya na kuchukua simu. Hajarudi kufundisha ukumbini. Wameweka mtu mwingine, kijana hodari. Lakini tangu mwaka ule haketi tena ukingoni mwa kiti kwa Verlin. Hilo nimeliona mwenyewe.

Asubuhi ile ya kulungu jike nilikuwa nimekwenda kwa Verlin kuona watakachopata. Verlin alikuwa mlangoni mwa gereji, kwenye kiti chake, blanketi magotini na kisu alichokwisha kukinoa.

"Pembe ngapi?" aliuliza walipofika.

"Ni jike," LaVonne akasema.

"Mke wangu amempiga mama wa watu," Verlin alimwambia Ardell. "Na wewe ulikuwa wapi, shemeji? Garini, unakunywa kahawa?"

Nilimwona Ardell akiitafuta sauti.

"Nilikuwa namlinda kulungu," akasema. "Nilisikia wewe ndiwe unayemchuna, nikamwonea huruma."

Verlin alicheka mpaka kiti kikatikisika. Alisema yeye ndiye atakayemchuna na asimsogelee mtu. Ardell alirusha kamba juu ya boriti, tukamtundika mnyama kwa miguu ya nyuma, kwa kimo tulichozoea. Verlin aliinua mkono, na kisu hakikufika.

Ardell alilegeza kamba kidogo, akaishika kwa mikono miwili, akamtazama Verlin.

"Bado," Verlin alisema. "Shusha. Shusha tena. Hapo."

Ardell akaifunga kamba nguzoni, akaivuta mara mbili kujaribu fundo.